MREJESHO: Nilimpeleka mama Margate

Wakuu, mwezi uliopita niliwauliza: mama amekuja London kunitembelea kutoka Tanga, nimpeleke mji gani wa pwani kwa siku moja, penye bahari na pa kujisitiri mvua ikinyesha? Wengi mkasema Margate. Tumeenda Jumamosi. Asanteni sana.

Treni kutoka kituo cha St Pancras, London, inachukua kama saa moja na nusu. Jumba la sanaa, Turner Contemporary, liko ufukweni kabisa na kuingia ni bure. Lilifunguliwa 2011, pale ilipokuwa nyumba ya wageni aliyokuwa akifikia mchoraji Turner. Picha mama alizipenda, ila dirisha kubwa linalotazama bahari ndilo lililomshika. Sikumharakisha.

Aliyesema tuangalie kwanza saa za maji kupwa, Mungu akubariki. Nje, kwenye miamba ya chokaa, kuna sanamu ya chuma iliyotengenezwa na mchongaji Antony Gormley: mtu amesimama peke yake anatazama bahari. Tulipofika maji yalikuwa kiunoni mwake. Yalipokupwa akatokea mzima, mwili wote kutu, mwani umemganda miguuni. Mama akanyamaza, kisha akasema, "Huyu anamngoja mtu wake arudi."

Tukamalizia Shell Grotto (hapa mnalipia), pango lililogunduliwa 1835, kuta zake zimepambwa makombe ya baharini yapatayo milioni 4.6. Aliyelitengeneza hajulikani. Mama alikuwa akinionyesha kwa kidole: kome hawa, chaza hawa.

Mkienda, bebeni koti zito. Upepo wa pale hauna huruma.