Je, kuna manukato ya bei nafuu yanayokaribia Baccarat Rouge 540?

Kilua

Habari zenu, wapenzi wa manukato.

Miezi michache iliyopita mfanyakazi mwenzangu alinigawia kichupa cha mililita 2 cha Baccarat Rouge 540, na tangu siku ile pua yangu haijatulia. Ni harufu tamu, lakini utamu wake ni wa sukari iliyoanza kuungua, ukiwa umechanganyika na zafarani na mbao kavu, na usiku nilipovua mtandio niliikuta bado imeng'ang'ania kwenye nyuzi. Kichupa kimekwisha, na bei ya chupa kamili ni fedha ambayo siwezi kuitoa kwa ajili ya manukato, hata kama nayapenda kiasi hiki.

Nilinunua manukato mbadala yaliyosifiwa kwamba yanafanana nayo. Dakika kumi za kwanza nilifurahi mno. Baada ya saa moja ulibaki utamu mtupu, mzito, ulionipa maumivu ya kichwa. Naomba kujua kama manukato mbadala yote huwa hivi, au ni mimi niliyechagua vibaya. Pia naomba kuelezwa kama kuyanunua ni sawa na kununua bidhaa bandia, kwa maana sipendi kula jasho la mtu.

Mkadi

Ndugu Kilua, yaliyokupata yametupata wengi, kwa sababu manukato mengi ya bei ya chini hutengenezwa ili yapendeze pale pale mtu anapojipulizia. Vitu vyepesi kama bergamoti na limau huruka mapema, kisha maua hujitokeza, na mwishoni hubaki miti, miski na ambari, ambavyo molekuli zake ni nzito na haziondoki upesi kwenye ngozi. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo utakayoishi nayo mchana kutwa, nayo ndiyo ya kuhukumia.

Mwigaji huanza kwa kuyachambua manukato anayotaka kuyaiga kwa kromatografia ya gesi, mashine inayotenganisha viambato na kuonyesha vingi kati yake pamoja na viwango vyake. Kinachomshinda ni mafuta halisi ya mimea, kwa kuwa mafuta ya waridi peke yake yana viambato mamia, na pia zile molekuli ambazo kampuni kubwa za viambato vya manukato kama Givaudan hujiwekea bila kuwauzia wengine. Ndiyo maana harufu iliyojengwa hasa kwa viambato vya maabara huigika vizuri zaidi kuliko iliyosimama juu ya mafuta ya maua.

Kwa bahati nzuri, hiyo uliyoipenda, aliyoitunga Francis Kurkdjian na kutolewa kwa wote mwaka 2015, imo katika kundi la kwanza. Utamu wake wa sukari hutokana na ethili maltoli, kiambato kilekile kilichoipa umaarufu Angel ya Mugler mwaka 1992, na ule mng'ao wa ambari ni wa ambroksani, kiambato kingine cha maabara. Ugumu wote uko kwenye uwiano: maltoli ikizidi kidogo tu, unapata hicho kilichokuumiza kichwa.

Jaribu Cloud ya Ariana Grande, iliyotoka mwaka 2018. Mwanzo wake una tunda la pea na lavenda, na kuna ulaini wa krimu ambao haumo katika ile ya Kurkdjian, kwa hiyo usitegemee pacha. Lakini kwenye ngozi yangu, kuanzia saa ya tatu hivi, zinakaribiana sana.

Namna ya kujaribu ni muhimu kuliko jina la chupa. Mimi nilipolinganisha Aventus ya Creed na mbadala wake, Club de Nuit Intense Man ya Armaf, nilipuliza kila moja kwenye mkono wake na kutia alama ya kalamu kwenye kifundo cha kushoto. Mwanzoni sikuhitaji alama: ya Creed ilikuwa na nanasi lenye maji, ya Armaf ilikuwa na limau kali inayochoma pua. Baada ya nusu saa, ule moshi wa mti ulipopanda pande zote mbili, nilianza kuitafuta ile alama. Usisugue mikono, nusa tena baada ya saa nne, na umwombe mtu mwingine anuse pia, kwa kuwa wapo watu ambao pua zao hazizisikii kabisa baadhi ya miski, na hata asiye na upungufu huo huizoea harufu yake mwenyewe akadhani imekwisha.

Asumini

Naheshimu maelezo ya Mkadi, lakini mimi ningemshauri dada yetu aache kutafuta nakala. Anayevaa nakala hulinganisha kila siku, na kila siku huona kilichopungua. Ajiulize ni nini hasa alichokipenda. Kama ni zile mbao kavu zinazopepea hewani, yako manukato mengi ya kawaida yenye Iso E Super, kiambato kilichotoka katika maabara za IFF, kampuni ya viambato vya manukato, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2006 mtunzi wa manukato Geza Schoen alikiweka peke yake ndani ya chupa ya Molecule 01, na watu wakakubali kulipa bei kubwa kwa kitu ambacho tayari kilikuwa kikinukia ndani ya chupa zao nyingine. Zara nayo ilitoa mkusanyiko wa manukato mwaka 2019 kwa kushirikiana na Jo Malone, mtunzi mwenye jina katika fani hii, na bei haikuwa ya anasa. Manukato ya namna hiyo husimama yenyewe, na mtu huyavaa bila kuwaza yangefanana na nini.

Rehani

Nijibu lile la jasho la mtu. Bandia ni chupa inayobeba jina na alama ya mwingine ili mnunuzi adanganyike. Manukato mbadala huuzwa kwa jina lake yenyewe. Katika Umoja wa Ulaya, Mahakama ya Haki ilitoa uamuzi mwaka 2009 katika shauri la L'Oréal dhidi ya Bellure, ikiwazuia wauzaji kutangaza kwa orodha za kulinganisha kwamba bidhaa yao ni mwigo wa manukato fulani yenye alama iliyosajiliwa. Kilichobanwa pale ni matumizi ya jina. Kutengeneza harufu inayofanana ni jambo jingine.

Mimi niliwahi kuuziwa bandia na muuzaji mmoja mtandaoni. Kifuniko kilikuwa chepesi, kibandiko kimepinda kidogo, na ngozi ilinitoka vipele kwa siku mbili. Tangu hapo, nikiona jina kubwa kwa bei ndogo isiyoelezeka, napita.

Kilua

Nawashukuru sana. Nimejaribu Cloud mkono mmoja, na matone ya mwisho niliyoyakamua kwenye kile kichupa mkono mwingine. Saa ya kwanza ile krimu ilinikera, lakini asubuhi mtandio ulinukia vizuri, bila kuniuma kichwa. Hata hivyo, siku za sherehe bado natamani ile yenyewe. Je, kuna njia?

Mkadi

Ipo. Nunua kichupa cha mililita 10 kilichojazwa kutoka chupa halisi, kwa mtu unayemwamini. Mpulizo mmoja hutoa takriban mililita 0.1, kwa hiyo una mipulizo kama 100. Ukitumia miwili kwa kila sherehe, ni sherehe 50. Gawanya bei kwa mililita kabla ya kulipa, maana vichupa vidogo mara nyingi huwa ghali zaidi kwa kipimo, kisha kihifadhi mahali penye giza na pasipo joto.