MJADALA: Miili isiyo na ndugu iendelee kufundishia madaktari, au sasa basi?

Mleta mada:

Wakuu, salaam. Naleta hoja ambayo najua itatugawa. Katika nchi nyingi duniani, mwili ukikaa mochwari mpaka muda wa kisheria ukapita bila ndugu kujitokeza, chuo cha udaktari kinaweza kuuchukua kufundishia anatomia, yaani somo la maumbile ya mwili. Msimamo wangu ni huu: kupasua maiti kubaki, lakini ziwe za watu waliojitolea wenyewe wakiwa hai, kwa maandishi. Wengine wote wazikwe.

Nianze na kwa nini kubaki, maana kuna wanaosema kompyuta imeshamaliza kazi. Galen, daktari Mgiriki wa enzi za Roma, alipasua nyani na nguruwe, kisha akaandika kana kwamba ameona binadamu. Akasema taya la chini ni mifupa miwili. Tabibu Mwarabu, Ibn al-Nafis, alimpinga kuhusu moyo tangu karne ya 13, akasema ule ukuta wa katikati ambao Galen alidai una matundu hauna, damu inapitia mapafuni. Hata hivyo Ulaya iliendelea kumfuata Galen mpaka Andreas Vesalius, aliyekuwa akifundisha anatomia Padua, Italia, alipochapisha kitabu chake mwaka 1543. Taya ni mfupa mmoja. Zaidi ya miaka 1,300 watu walikuwa wanasoma kitu ambacho wangekiona kwa kumfungua mtu mmoja tu.

Nimepita kwenye chumba cha kupasulia maiti. Kwenye picha, ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) ni nyekundu, vena (unaoirudisha) ya bluu, neva (mshipa wa fahamu) ya njano. Kwenye maiti iliyotiwa formalini, dawa ya kuzuia isioze, vyote vimefifia, ni kahawia kuelekea kijivu. Unafungua kinena, unaondoa mafuta kidogo kidogo kwa ncha ya koleo, unakuta kamba tatu zimelala sambamba. Hapo macho hayakusaidii, vidole ndivyo vinakwambia: ateri ina ukuta mnene, ukiibana inarudi, vena ni nyembamba, imelala bapa, neva imejaa, haina uwazi ndani. Sijaona skrini inayofundisha hilo.

Halafu miili haifanani. Jaribu sasa hivi: gusisha kidole gumba na kidole cha mwisho, ukunje mkono kidogo kuja kwako. Kano inayochomoza katikati ya kifundo ni ya msuli uitwao palmarisi longasi. Isipochomoza usishtuke, wapo watu wengi hawana, wengine wanayo mkono mmoja tu, na hawakosi chochote. Huko Oregon, Marekani, mwanamke aliyefariki mwaka 2017 akiwa na miaka 99 alikuwa ameacha mwili wake kwa wanafunzi. Walipomfungua wakakuta ini na viungo vingine vya tumboni vimekaa upande wa pili, moyo ukiwa mahali pake pa kawaida.

Lakini yule alijiandikisha mwenyewe. Tofauti yake na maskini aliyeokotwa barabarani ni kubwa, na historia ya fani hii si nzuri. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1752, kupasuliwa ilikuwa sehemu ya adhabu ya muuaji aliyenyongwa. Miili ikawa haitoshi, makaburi yakaanza kufukuliwa. Mwaka 1828, Edinburgh, Uskoti, wanaume wawili, Burke na Hare, waliona hata kufukua ni kujichosha. Waliua watu 16 na kuwauza kwa Dk. Robert Knox, mwalimu wa anatomia. Ndipo mwaka 1832 ikaja sheria ya kuruhusu miili isiyodaiwa, ikiwemo ya waliofia kwenye nyumba za mafukara. Biashara ya makaburi ikafa, sikatai. Ila kilichokuwa adhabu ya muuaji kikamwangukia fukara ambaye kosa lake ni kufa peke yake. Sheria za namna hiyo bado zinaishi sehemu nyingi, ingawa tangu mwaka 2012 shirikisho la kimataifa la wanaanatomia limependekeza miili ya waliojitolea tu.

Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, umeandika vizuri, ila mimi nafundisha somo lenyewe. Wanafunzi wamezunguka meza moja mpaka wa nyuma hawaoni, na bado unataka tupunguze. Waliojitolea hawapo. Ukifunga mlango huo leo, kijana atakata ateri kwa mara ya kwanza akiwa kwa mgonjwa hai, na mgonjwa huyo naye atakuwa maskini, kwa sababu mwenye pesa ataenda kwa bingwa. Maskini huyo wa pili nani atamlilia?

Mchangiaji wa pili:

Mnagombania visu vya karne iliyopita. Formalini yenyewe inatambulika kimataifa kuwa inasababisha saratani kwa binadamu, na mnaivuta mkiwa mmeinama juu yake. Uingereza kuna chuo kilifunguliwa mwaka 2002 kikafundisha bila maiti, na wahitimu wake ni madaktari kama wengine. Tangu mwaka 1994 kuna mwili mzima wa mwanamume kwenye kompyuta, umekatwa vipande vya unene wa milimita moja na kupigwa picha kimoja kimoja. Unaurudia mara elfu, hauozi, haudaiwi na mtu.

Mchangiaji wa tatu:

Mimi sioni tofauti ya aliyejitolea na asiyejitolea. Mwili ni amana, huwezi kugawa kisicho chako. Sisi Waislamu tumefundishwa kuwa kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja mfupa wa aliye hai. Wazikeni watu.

Mchangiaji wa nne:

Nauliza tu: waliotunga hizo sheria, wao wameandika wosia wa kutoa miili yao?

Mleta mada:

Wa nne, nacheka lakini umegusa penyewe.

Wa pili, mwanamume huyo wa kompyuta alikuwa mfungwa aliyeuawa kwa hukumu ya mahakama Texas mwaka 1993. Alisaini kutoa mwili kwa sayansi akiwa anasubiri kifo. Kwa hiyo kompyuta yako haijakwepa swali langu, imelibeba ndani yake. Formalini nakubali, ni tatizo la kweli. Njia nyingine za kuhifadhi zipo, kama ile ya mwanaanatomia Walter Thiel wa Graz, Austria, inayoacha viungo vikiwa laini.

Wa tatu, naheshimu. Wapo wanazuoni walioruhusu kwa sababu ya dharura ya kufundisha tiba, wapo waliokataa. Ndiyo maana hasa nataka ridhaa: leo muumini mwenye msimamo kama wako akifa ugenini bila ndugu, atapasuliwa na hakuna atakayeuliza imani yake ilikuwa ipi.

Mwalimu, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote na sitaikwepa. Kukatisha ghafla kutaumiza wagonjwa. Sheria iweke tarehe ya mwisho, na kabla ya hapo chuo kilazimike kutafuta ndugu kwa matangazo ya maana, si karatasi moja kwenye mlango wa mochwari. Ila hilo la "waliojitolea hawapo" sikubali kama ni jambo la kudumu. Taiwan nao walishikilia kwamba mtu azikwe mzima. Chuo Kikuu cha Tzu Chi kikawapeleka wanafunzi kwa familia za waliojitolea, wakajua marehemu alikuwa nani, alipenda nini. Masomo yakiisha wanafunzi wenyewe wanashona mwili, wanauvisha, wanabeba jeneza. Watu wakaanza kujiandikisha kwa maelfu. Walichobadilisha ni kile ambacho familia inakiona.

Nikuulize na wewe: fomu ya kujitolea mwili chuoni kwenu ipo? Mtu wa kawaida anaipataje?

Mchangiaji wa kwanza:

Ipo, idarani. Sijawahi kuona mtu wa nje akija kuiomba, na kusema kweli sijui angejuaje kwamba ipo.