Kituo cha data kinatutoza umeme ambao hatujautumia, ukipunguza matumizi bili iko pale pale!

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira, mnivumilie.

Tumekodi raki (kabati la kuwekea seva) kwenye kituo cha data cha pamoja hapa Dar. Mwaka huu bosi kasema bili ya umeme ishuke. Tukahamishia mifumo midogo kwenye seva chache zenye nguvu, zile za zamani tukazizima na kuzing'oa kabisa. Mita ya PDU yetu (kifaa kinachogawa umeme ndani ya raki) ikashuka hadi kilowati 1.2. Ankara ikaja ile ile, haijapungua hata shilingi!

Kuuliza, naambiwa mnalipia breka (swichi inayokata umeme ukizidi), si matumizi. Breka ni ya ampea 16. Kwa volti 230 hiyo ni kilowati 3.68, wanazihesabu saa 24 kila siku, zitumike zisitumike. Kwa mwezi wa siku 30 zinafika karibu uniti 2,650, wakati sisi tunakula uniti 864. Yaani konda anakudai nauli ya siti tatu kwa sababu eti ungeweza kulala.

Na bado. Hizo uniti wanazizidisha mara 1.9, ndiyo PUE yao. Kwa wasioijua: chukua umeme wote unaoingia jengoni, ugawe kwa umeme unaofika kwenye mitambo ya wateja. 1.9 maana yake kila uniti moja ya seva inasindikizwa na 0.9 ya viyoyozi, upotevu wa UPS (betri za akiba) na taa. Utafiti wa 2024 wa Uptime Institute, taasisi inayofuatilia vituo vya data, uliweka wastani kwenye 1.56. Google wao wako karibu na 1.1. Sawa, Dar ni joto na unyevu, hatuwezi kufungulia hewa ya nje kama Nairobi usiku wa Julai. Hilo nawapa. Ila twendeni ndani ya huo ukumbi mjionee.

Mafundi wamevaa makoti. Viyoyozi vimewekwa nyuzi 18, wakati ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi kinachotoa miongozo, wenyewe wanaruhusu hewa inayoingia kwenye seva ifike hadi 27. Raki ya jirani yetu ina mapengo makubwa katikati, hakuna hata kifuniko kimoja cha kuziba, kwa hiyo hewa ya moto inarudi mbele na seva zinaivuta tena. Kigae chenye matundu cha kupitishia ubaridi kimekaa mbele ya raki tupu! Na hii ndiyo iliyonimaliza: kiyoyozi kimoja kioo chake kinaonyesha kinakausha hewa, cha upande wa pili kinaongeza unyevu. Ukumbi mmoja, muda mmoja, vinagombana, na anayelipia ugomvi ni mimi mpangaji.

Vifuniko vya plastiki, brashi za kuziba matundu ya nyaya sakafuni, kupunguza kasi ya feni. Hayo si mambo ya mabilioni. Feni ikishushwa hadi asilimia 80 ya kasi, umeme wake unashuka hadi karibu nusu. Kwa nini hawafanyi? Kwa sababu hawaumii. Upotevu wote wanatupia sisi, tena yawezekana wanaweka na faida juu yake. Nimeomba tutozwe kwa mita ya raki yetu na tupewe hesabu ya PUE ya kila mwezi, nimejibiwa "ni sera ya kampuni".

Watakaokuja kusema hamieni kwenye wingu, mikataba ya wateja wetu inataka data zibaki nchini. Tafadhali tusipotezeane muda.

Ninachotaka kujua: kuna mdau hapa, Dar, Nairobi au Kampala, anayelipia kwa mita kwenye kituo cha pamoja? Mliandika nini kwenye mkataba, na PUE mliiwekea kikomo? Wetu unaisha Desemba, na safari hii sisaini kitu chenye neno breka. Mwenye kipengele kilichowahi kufanya kazi akiweke hapa, ukificha jina la kampuni haina shida.