Godoro la upepo kwa mgonjwa asojigeuza, lasaidia kweli?

BintiMkoani: Asalaam aleykum jamani. Mamaangu kapata kiharusi, wiki ya pili sasa tuko nae wodini huku Pemba, upande mmoja haunyanyuki kabisa. Godoro alolalia sponji yake ishakufa, katikati pamezama kama dau, na jana nnamsafisha nikaona pale juu ya makalio penye mfupa ngozi imekoza rangi na nikigusa pana joto. Kakaangu alioko Unguja ataka tuchangishane tununue lile godoro la upepo la kuchomeka umeme, bei yake si mchezo. Lasaidia au tutatupa pesa?

nesi_wa_zamu: Waaleykum salaam dadaangu. Hicho ni kidonda cha kulalia kinaanza, kamwambie nesi wa wodi leo leo. Na usingojee wekundu, ngozi zetu hazioneshi, joto na ugumu ndo vya kushika. Usipasugue wala kupakanda mafuta, wengi wanaharibu hapo. Halafu mkishamgeuza bonyeza ngumi pale penye shimo, ukivigusa vyuma vya kitanda ujue hilo godoro halimbebi tena. Hata sponji mpya nzito ni afadhali kubwa. La upepo nalo zuri, mirija yake inajaa na kupungua kwa zamu kwahiyo hapabanwi pahala pamoja mda wote damu ikakosa kupita, lakini kumgeuza kuko palepale, kama masaa 2 hivi, na mnyanyueni kwa shuka msimburure.

AmiWaFumba: Mie nimemuuguza babaangu nyumbani, tulilinunua. Umeme ukikatika linanywea taratibu, siku moja tulipitiwa na usingizi asubuhi tukamkuta yuko juu ya chaga maskini. Na tulilitandikia nailoni, blanketi na shuka mbili juu, nesi alipokuja alicheka, akasema sasa mnamlaza kwenye blanketi au kwenye godoro? Shuka moja tu. Ila yeye vilomtesa visigino, tulimuekea chini yake glavu za mpira tulizozijaza maji, kumbe bure.

nesi_wa_zamu: Glavu achaneni nazo, na ule mpira wa duara wenye tundu katikati pia. Mto chini ya vigimbi vya miguu, visigino vining'inie.

BintiMkoani: Ahsanteni sana. Nimebonyeza, nimegusa chuma. Nesi kaja kamuangalia, tumemlaza ubavu. Tutaanza na sponji maana umeme wa huku mwaujua. Chake Chake mjini kuna anokata sponji kwa saizi ya kitanda cha spitali? Vile vyembamba kuliko vya nyumbani.