Unga wa kopo, kufunga saa 16 au chakula cha nyumbani: kipi kitanipunguza uzito?

Dada_Kurasini: Wakuu, habari za jioni. Nataka kupungua kwa kula kalori chache. Kuna dada anauza unga wa kopo wa kukoroga na maji badala ya chakula, laki na nusu kwa mwezi. Mdogo wangu anataka nifunge, nile kati ya saa 6 mchana na saa 2 usiku tu. Mama anasema hela hiyo ninunue samaki na mboga. Mshahara unaingia Ijumaa. Nishike lipi?

MzeeKibo: Umri? Uzito? Urefu? Unaumwa chochote? Na huo unga ni kalori ngapi kwa siku? Bila hayo tutapiga ramli.

Mama_Ntilie: Msikilize mama yako. Kijiko kikubwa cha mafuta kina kalori karibu 120, na mchicha wa watu wanne tunaumiminia bila kupima. Anzia hapo, acha soda, mboga ijaze nusu ya sahani.

Saa16: Funga tu. Haina gharama wala mahesabu.

Mama_Ntilie: Akifungulia chipsi mayai je?

Shangazi_Temeke: Makopo hayo nayajua. Niliuziwa moja, nikaambiwa ninywe vikombe vitatu na nisile kingine. Kilo zilishuka haraka, magauni yakapwaya, mtaa mzima ukanisifu. Baadaye nywele zikawa zinatoka na kitana, nikisimama naona giza. Halafu usiku mmoja nikashikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, yanapanda hadi begani, natapika. Utrasaundi ikaonyesha vijiwe kwenye mfuko wa nyongo. Daktari alinieleza kwamba mtu akipungua kwa kasi, ini linamwaga kolesteroli nyingi kwenye nyongo, na mfuko wenyewe haujikamui vizuri kwa kukosa mafuta ya chakula. Nikapasuliwa. Muuzaji alipopata habari akanibloku. Sitaki limkute mwingine.

Chalii_Sakina: Pole sana shangazi. Ila si kila kopo ni utapeli. Utafiti wa DiRECT wa Uingereza, uliochapishwa 2017, uliwapa watu wenye kisukari aina ya 2 vinywaji vya kalori 825 hadi 853 kwa siku, miezi 3 hadi 5. Baada ya mwaka, asilimia 46 sukari yao ilikuwa imetulia bila dawa. Lakini walisimamiwa na wahudumu wa afya, na chakula kilirudishwa kidogo kidogo.

MzeeKibo: Mwenye mada bado hajajibu.

Dada_Kurasini: Samahani, nilikuwa kazini. Miaka 41, kilo 94, sentimita 160. Kopo halijaandikwa kalori. Sukari ninayo, natumia metformini na glibenklamaidi.

Nesi_Mbagala: Dada yangu, usianze chochote kabla hujafika kliniki! Glibenklamaidi inalisukuma kongosho litoe insulini hata kama hujala. Ukifunga, sukari inaweza kushuka: jasho, kutetemeka, hata kuzimia. Dozi apange daktari, usijipunguzie mwenyewe.

Saa16: Kama ni hivyo, kufunga asubiri kwanza.

Mama_Ntilie: Na sembe aache, ale dona.

Chalii_Sakina: Kalori zake zinakaribiana, mama. Dona inazidi nyuzinyuzi.

Mama_Ntilie: Basi ndiyo inayoshibisha! Tonge chache mtu ameridhika.

Chalii_Sakina: Apime unga kwa mizani, si kwa tonge.

Shangazi_Temeke: Hizo mizani ndogo za jikoni Kariakoo zinauzwa mtaa gani?

MzeeKibo: Dada, kliniki yako ni lini?