Mke wangu anakula odowa usiku na ananificha. Nianze vipi kuzungumza naye?

Seremala wa Kibuye

Habari zenu wazazi. Mimi ni seremala, natengeneza viti vya sofa hapa Kibuye, Kisumu, na tunaishi Manyatta. Mke wangu ni msusi, saluni yao iko Kondele. Tumeoana miaka miwili sasa na hii ndiyo mimba yetu ya kwanza, miezi mitano na wiki mbili. Mnivumilie nikirefusha maelezo, maana jambo hili nimelala nalo siku 10.

Lilianza na sauti. Kama saa nane usiku nilisikia kitu kikivunjika ndani ya chandarua. Ka! Kimya. Halafu tena, kidogo kidogo, kama mtu anayesaga. Kazi yangu ni mbao, na sikio langu hujua msumari ukienda kombo na ubao ukianza kupasuka, kwa hivyo nikadhani ni kitanda. Hicho kitanda nilikiunda mwenyewe. Nikashusha mkono nikapapasa viungo vyote vya upande wangu, viko imara. Nilipogeuka nikamkuta amenipa mgongo, shavu limejaa, ametulia kama aliyelala. Sikusema kitu.

Asubuhi natandika (siku hizi kutandika ni kwangu, yeye akiinama anashikwa na kizunguzungu) nikaona vumbi la kijivu kwenye shuka upande wake. Leso yake ilikuwa kwenye kamba nje, na pindo moja lina fundo, pale ambapo wanawake hufunga pesa. Mvua ilikuwa inakuja. Nikafungua nikijua ni noti itakayolowa. Ndani mlikuwa na vipande vitatu vya odowa, kimoja kina alama za meno.

Kwa wasiotoka huku ziwani, odowa ni lile jiwe laini la udongo linalouzwa sokoni kwa mafungu, kando ya omena na viungo vya chai. Hutafunwa. Wajawazito wengi ninaowajua wamewahi kulitafuna, kwa hivyo silioni kama jambo la ajabu. Nilienda kwa mama anayeliuza karibu na kibanda changu, nikamweleza mke wangu alivyo. Akasema, "Kumbe ni wako yule? Huchukua mafungu matatu kila jioni." Kila jioni hupita pale, mita 50 kutoka ninapopiga randa, kisha anakuja kunisalimia kama ambaye hajapita popote.

Nilimpigia mama yangu simu, yuko Mbale, Vihiga. Akaniambia, "Mwache, mwanangu. Anayelitaka ni mtoto. Mimi nilikula udongo wa kichuguu nikiwa na mimba yako, na wewe si huyo una nguvu zako?" Mama mkwe siwezi kumuuliza jambo kama hili, heshima hainiruhusu.

Lakini kwenye kitabu cha kliniki imeandikwa damu 9.4. Sista alimpa vidonge vya kuongeza damu, viko kwenye kikombe juu ya kabati. Nimekuwa nikivihesabu akienda kazini. Wiki nzima vimepungua viwili.

Juzi mvua ya kwanza ilipopiga vumbi la uwanja, alisimama mlangoni, akafumba macho, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilitamani anieleze kinachompata pale. Sisi ni watu wa kula sahani moja, hata omena tunagawana, na sasa kuna kitu anakila kwa kunipa mgongo.

Kwa hivyo nauliza mawili. Je, kina madhara kwa yeye na mtoto? Na nianze vipi bila kumwaibisha?

Mama wa Wawili, Nakuru

Pole, baba. Nitakujibu la pili, la kwanza waachie wanaolijua.

Mimi naishi Kiamunyi, na mtoto wangu wa kwanza nilimbeba nikila mawe haya haya, yaliletwa na rafiki kutoka Kisumu kwenye mfuko wa unga. Sikujua hamu inaweza kuwa hivyo. Njaa ukila inaisha. Hii, hata umeshiba, mtu akimwaga maji kwenye udongo mkavu karibu nawe, mate yanajaa mdomo na huwezi kufikiria kitu kingine mpaka upate. Nilikuwa naamka usiku nalamba ukuta wa jikoni la nyuma ambao haukuwa umepakwa rangi. Sijawahi kuandika hilo mahali popote.

Nilimficha mume wangu kwa sababu siku moja aliniona, akacheka, kisha akawasimulia ndugu zake mezani Jumapili. Hakuwa na nia mbaya. Lakini tangu siku ile nilikula chooni. Kwa hivyo kabla hujamwambia lolote jiulize kama kuna siku mtu alimcheka mbele yako nawe ukanyamaza.

Na kuhusu leso: mwambie uliifungua. Mwombe msamaha kwa hilo kwanza. Na uache kuvihesabu vidonge vyake, akigundua atajiona ana askari ndani ya nyumba.

Omwana wa Bungoma

Mzee, mama zetu wote walikula udongo na tukazaliwa. Mwache mama wa watu apumue. Mimba ni miezi tisa tu.

Sista wa Zamu ya Usiku

Mimi ni muuguzi wa wodi ya uzazi, kaunti ya Busia. Ndugu wa Bungoma, naheshimu unachosema, na ni kweli wengi walizaliwa salama. Lakini mimi ndiye ninayesimama pale mama akijifungua damu ikiwa ndogo. Kila mzazi hupoteza damu kiasi. Mwenye damu ya kutosha huinuka akaomba uji. Mwenye damu kidogo, kiasi kile kile kinaweza kumwangusha. Kwa hivyo siwezi kusema "mwache."

Seremala, nikueleze inavyokwenda. Mjamzito mwenye damu chini ya 11 tunasema ana upungufu. 9.4 haijafika pa kutisha, lakini haitakiwi kuachwa hapo. Hamu ya udongo na upungufu wa damu mara nyingi hutembea pamoja. Mwili unakosa madini ya chuma, hamu inakuja, anakula udongo, na udongo ule ukifika tumboni unashikana na madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula na kwenye vidonge, yanapita bila kufyonzwa. Anakula zaidi, anapungukiwa zaidi. Ndiyo maana nasema hamu ile si tabia mbaya wala uroho. Usimtazame kama mlevi.

Madhara mengine: kufunga choo, na kwa mjamzito hilo ni mateso. Mayai ya minyoo, hasa udongo uliochimbwa karibu na makazi. Na baadhi ya mawe haya huwa na madini ya risasi, ambayo hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto na kudhuru ubongo unaojengeka. Wengine huyachoma kwanza wakidhani yametakasika. Moto utaua mayai ya minyoo, risasi hauigusi.

Kisha kumbukeni mko Kisumu. Malaria hula damu. Huku kanda ya ziwa mjamzito hupewa dawa ya kuzuia malaria, SP, kuanzia wiki ya 13, vidonge vitatu kwa mara moja, akivimeza mbele ya muuguzi, na kurudia kila baada ya mwezi au zaidi mpaka ajifungue. Anayetumia septrini kila siku haruhusiwi kuchanganya, amwambie muuguzi wake. Angalieni kwenye kitabu kama amepewa, na dawa ya minyoo pia, ambayo hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza. Chandarua naona mnacho, hongera.

Sasa vile vidonge kwenye kikombe. Kila kimoja kina miligramu 60 za madini ya chuma na miligramu 0.4 za asidi ya foliki. Nimewaona wanawake wengi wakiviacha, na ukiuliza kwa upole unapata sababu: vinawachafua moyo, au wameona choo cheusi wakaogopa. Choo cheusi ni kawaida yake. Kichefuchefu kinapungua akimeza usiku baada ya kula, alale. Amezee maji yenye ndimu au ale chungwa. Asimezee chai, chai inazuia madini yasiingie mwilini. Aache saa moja au mbili zipite. Na kwa 9.4 huenda wakamwongezea kipimo, kwa hivyo arudi asingoje tarehe.

Chakula mnacho hapo hapo Kibuye: omena, nyama nyekundu mkipata, ndengu, maharagwe, osuga (mnavu) na kunde zikaminiwe ndimu. Maini ni mazuri kwa damu, ila mjamzito asiyale kila siku, kidogo mara moja kwa wiki inatosha.

Kuacha ghafla wachache huweza. Apunguze. Akishikwa na hamu awe na kitu cha kutafuna kinacholia mdomoni: karoti, njugu za kukaanga, mahindi ya kuchoma. Asibadilishe na mchele mbichi wala muhogo mbichi, tafadhali, huo muhogo una sumu yake.

Akianza kuhema akipiga hatua chache, moyo unakwenda mbio amekaa tu, viganja vimepauka, usisubiri kukuche. Vivyo hivyo akitokwa na damu, akiumwa kichwa kisichotulia huku macho yanaona ukungu, au mtoto akipunguza kucheza.

Wa Nyalenda

Nasoma haya nikiwa nalo mdomoni. Nimelitema. Sista, mimi ni miezi minne na sijaanza kliniki, nilikuwa nangoja tumbo lionekane kwa sababu nyumbani wanasema ukitangaza mapema unavutia macho ya watu. Nikienda sasa watanigombeza?

Sista wa Zamu ya Usiku

Dada, nenda kesho. Hata wakigombeza, ingia. Watapima damu, kundi la damu, mkojo, VVU na kaswende, watakupa sindano ya pepopunda na SP yako ya kwanza kwa sababu wiki 13 umeshazipita. Hakuna atakayemtangazia mtu. Na umwambie muuguzi kuhusu odowa bila kusubiri akuulize, wengi wetu tunasahau kuuliza. Ukirudi uniandikie hapa.

Nyanya wa Luanda

Wanangu, mimi nimezaa saba. Mama wa seremala hakukosea kumwonea huruma mkwe wake, msimseme vibaya. Siku zetu hakukuwa na mtu wa kukwambia damu yako ni ngapi. Mtoto wangu wa tatu nilimzaa nikazimia, nikafungua macho jua limeshazama. Mlipozungumza habari ya damu ndipo nimejua siku ile nilikuwa wapi.

Wewe kijana, usimwambie usiku. Usiku mtu ana aibu zaidi. Mwambie mchana, mkifanya kazi ya mikono, kila mtu akitazama kazi yake.

Seremala wa Kibuye

Nimerudi baada ya wiki tano. Niliona si haki mtu kuchukua maneno ya watu na kwenda nayo.

Nyanya, nilikusikia. Jumapili mchana tulikaa uani tukichambua omena, yeye na ungo, mimi na ungo. Nikamwambia nilifungua leso yake na kwamba sikupaswa. Mikono yake ilisimama. Nikaendelea kuchambua, sikumtazama. Baada ya muda akasema, "Umejua tangu lini?" Nikamwambia. Akalia, na nikangoja.

Mama wa Wawili, uliuliza kama kuna siku alichekwa nikanyamaza. Ipo. Mwezi wa pili wa mimba rafiki zangu wawili walikuja kibandani, mmoja akasema wajawazito wa siku hizi wanakula hata vichuguu, nami nikacheka pamoja nao. Yeye alikuwa nyuma ya kabati nililokuwa napiga vanishi. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa. Yeye alinitajia mpaka rangi ya shati nililovaa.

Kisha akafungua mdomo akanionyesha gego la chini upande wa kushoto. Kipande kimevunjika. Wiki tatu alikuwa akitafuna upande mmoja, na maumivu aliyasingizia baridi. Ile "ka" niliyoisikia usiku ule huenda ilikuwa jino.

Vidonge alikuwa akiviacha kwa sababu ya hicho choo cheusi, Sista. Alidhani anaharibika ndani. Jumanne nilifunga kibanda tukaenda kliniki pamoja. Wanaume tulikuwa wawili kwenye benchi. Akamwambia muuguzi mwenyewe, kwa sauti ndogo, na muuguzi akaandika bila kukunja uso. Wakamwongezea kipimo, SP yake ya pili akaimezea pale pale, na jino likatazamwa wiki iliyofuata, wameliziba. Sasa humeza usiku, na ndimu naikata mimi. Kuhesabu nimeacha.

Juzi amepimwa tena: 10.6. Bado anakula kipande kimoja, saa kumi jioni akirudi Kondele, mbele yangu, kisha karoti. Siku mbili za wiki iliyopita alisahau. Sista wa kliniki anataka aache kabisa, na yeye pia anataka.

Mama yangu alikuja kututembelea akakuta anatafuna karoti, akamuuliza odowa iko wapi. Nilidhani pataharibika. Mke wangu akamwelezea habari ya damu kama alivyoelezwa, polepole, na mama akasikiliza mpaka mwisho, halafu akamwomba ampikie osuga ile ya ndimu aionje.

Jana jioni mvua ilinyesha tena. Nilikuwa nimemtengenezea kiti kifupi cha mlangoni, chenye mgongo. Akakaa, akafumba macho vile vile. Nikamuuliza inanuka nini. Akasema inanuka kama nyumba ya nyanya yake kule Seme siku ya kuikandika upya, watoto wote wakiwa wamekatazwa kugusa ukuta kabla haujakauka, naye akiwa ameugusa.