Kutokosa, kasimele na kupalia: naomba kufafanuliwa maneno haya ya jikoni

Swali

Habari zenu wapenzi wa mapishi, na wakubwa shikamooni. Mimi nimekulia Shinyanga na sasa nimeolewa Tanga. Juma lililopita mama mkwe alinielekeza kwa simu namna ya kupika wali na maharage ya nazi, akasema: "Tokosa maharage, yaunge kwa tui la pili, kasimele iweke mwisho, wali ukikauka maji, upalie." Niliitikia kila neno kwa heshima, lakini nililolielewa ni kuunga tu, kwa kuwa kwetu tunaunga mboga za majani kwa karanga. Nilimimina tui lote kwa mara moja, nikafunika sufuria juu ya moto mkali, na nilipofunua nikakuta mafuta yanaelea juu ya vipande vyeupe kama maziwa yaliyoganda. Wali nao ulikuwa na kiini juu na ukoko mweusi chini. Naomba mnieleze maneno haya yanataka nifanye nini hasa.

Jibu la kwanza

Mdogo wangu, kutokosa ni kuchemsha chakula kwa maji, na pengine chumvi, hadi kiive, bila mafuta wala viungo. Ndivyo tunavyofanya kwa mihogo, viazi na maharage. Kuunga huja baada ya hapo. Mpangilio huo una sababu yake, kwa maana nyanya ikiingia kabla maharage hayajaiva, uchachu wake huyachelewesha kulainika, nawe utamaliza mkaa bure. Bonyeza harage moja kwa vidole viwili: likipondeka bila kubaki na chembe ngumu katikati, limekwisha kutokoseka.

Jibu la pili

Naomba niseme juu ya tui, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa. Nazi ikishakunwa, hutiwa maji ya vuguvugu kidogo, ikakamuliwa na kuchujwa, na tui hilo zito la kwanza ndilo kasimele. Chicha iliyobaki hutiwa maji tena na kukamuliwa, likapatikana tui la pili, ambalo ni jepesi na linavumilia kuchemka kwa muda, hivyo ndilo la kuungia maharage pamoja na kitunguu na nyanya. Kilichokupata wewe kinaitwa tui kukatika: moto mkali umeyatenga mafuta na maji yake. Safari ijayo, kasimele itie mwishoni, moto ukiwa mdogo, sufuria ikiwa wazi, na usiiache peke yake hata dakika moja. Mimi huteka mchuzi kwa upawa, nikauinua kidogo na kuurudisha taratibu, tena na tena, mpaka tui lianze kutokota pembezoni na harufu ya nazi mbichi iishe, kisha naepua papo hapo.

Jibu la tatu

Kupalia ni kuweka makaa ya moto juu ya mfuniko, na machache yakabaki chini, ili wali upate joto pande zote mbili. Wakati wake ni pale maji yanapokuwa hayaonekani tena juu ya mchele, ila ukiingiza mwiko pembeni unasikia unyevunyevu. Bila kupalia, joto hutoka chini tu, na ndiyo maana wako ulikuwa na kiini juu huku chini ukiungua. Mfuniko uwe wa bati au wa chuma, usio na kishikio cha plastiki.

Anayetumia gesi aweke chuma cha kupikia chapati chini ya sufuria, apunguze moto hadi mwisho, afunike vizuri na asifunue kwa dakika 15 hivi. Wali hautakuwa na ile harufu ya makaa, jambo ambalo mimi binafsi nalisikitikia, lakini utaiva sawasawa.

Muuliza swali

Nawashukuru sana, dada zangu. Kumbe mama mkwe alikuwa amenipa mapishi yote kwa sentensi moja! Naomba jambo moja la mwisho: nikikosa nazi nikanunua tui la kopo, nitaipataje kasimele?

Jibu la pili

Tikisa kopo vizuri kabla ya kulifungua. Tui lake kwa kawaida ni zito, kwa hiyo tenga nusu bila kuiongeza maji, hiyo ndiyo kasimele yako. Nusu ya pili iongezee maji kiasi hichohicho, uungie maharage.